Nani atawapumzisha wazee wetu walioko Marekani?

Tangu tarehe 1 Januari 2026, mtu anayetuma feza kutoka Marekani akilipa kwa noti mkononi anakatwa ushuru wa asilimia 1. Kwa dola 200 ni dola 2. Anayetuma kupitia akaunti yake ya benki au kadi ya benki ya kule hakatwi. Familia zinazoishi kwa feza hizo, Uvira kama Beni, Baraka kama Goma, zina haki ya kuuliza kama ushuru huo utafunga mkono wa ndugu zetu. Hautaufunga. Kuna jambo zito zaidi ambalo tunalipita kimya: wanaotuma wanazeeka.

Wengi walifika kule wakiwa na miaka 45, 50, hata 55, baada ya maisha marefu katika kambi za Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali, Kakuma au Dzaleka. Leo wengine wana miaka 60 na zaidi. Bado wanaamka saa kumi usiku kwenda kiwandani. Na huku kwetu, kila tunapohesabu mabati ya kanisa au karo ya wajukuu, majina yao ndiyo yanayoandikwa kwanza.

Kwetu, mtu akiacha kazi kwa sababu ya umri tunasema amepata retreti. Kanisani neno hilohilo ni siku tatu za kufunga na kuomba, basi wengine hucheka wakilisikia. Lakini kwa ndugu zetu walioko Marekani swali la retreti si la kucheka. Upungufu wa wafanyakazi uliokuja baada ya Corona uliwapa kazi. Haukuwapa uzee wenye matunzo. Na siku watakayoweza kupumzika inategemea, kwa sehemu, yale tunayowaomba sisi.

Kazi zilivyobaki bila watu

Kabla ya Corona, kati ya Wamarekani 100 wenye miaka 55 na zaidi, 40 hivi walikuwa kazini au wakitafuta kazi. Baada ya mwaka 2020 idadi hiyo ilishuka hadi karibu 38 na nusu, na haikupanda tena. Inaonekana ni kitu kidogo. Lakini kundi hilo lina watu karibu milioni 100, kwa hiyo kila mmoja anayepungua katika 100 ni watu karibu milioni moja. Mwezi wa 11 mwaka 2022 Jerome Powell, mkuu wa benki kuu ya Marekani, alisema kwamba zaidi ya watu milioni 2 walikuwa wamestaafu kupita idadi iliyotazamiwa kutokana na umri wa wananchi peke yake.

Kwa nini waliondoka? Wengine kwa hofu, na hofu hiyo ilikuwa na msingi. Kufikia mwezi wa 5 mwaka 2022 Marekani ilikuwa imepoteza zaidi ya watu milioni 1 kwa Corona, na karibu robo tatu yao walikuwa na miaka 65 au zaidi. Mwalimu wa miaka 63, dereva wa basi wa miaka 64, aliona afadhali abaki nyumbani. Wengine waliondoka kwa sababu waliweza: bei za nyumba zilipanda, hisa zao zikapanda, wakapiga hesabu wakaona akiba inatosha. Sheria yao inamruhusu mtu kuanza kuchukua pensheni akiwa na miaka 62, ingawa inapunguzwa. Na kuna kundi la tatu ambalo magazeti hayakulisema sana. Hao walifukuzwa kazi mwezi wa 4 mwaka 2020 wakiwa na miaka 60, wakatafuta kazi nyingine bila kuitwa, mwisho wakajiita wastaafu ili wasijiite wasio na kazi.

Wazee hao walikuwa karibu kuondoka hata bila ugonjwa. Watoto wengi mno walizaliwa Marekani kati ya mwaka 1946 na 1964, baada ya vita kuu ya pili, nao ndio waliokuwa wakifikia uzee. Corona iliwasukuma watoke pamoja, kama watu wanaotoka ibadani kwa mlango mmoja mvua ikianza.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 nafasi za kazi zilizo wazi zilifika karibu milioni 12, na wasio na kazi walikuwa karibu milioni 6. Nafasi mbili kwa kila mtu anayetafuta! Nyumba za kulelea wazee zilikuwa zimepoteza wafanyakazi zaidi ya 200,000. Viwanda vya nyama, madepo makubwa ya bidhaa na hoteli vilipandisha mishahara ili kuvuta watu. Kisha bei za vitu zikapanda pia, asilimia 9.1 kwa mwaka mmoja kufikia mwezi wa 6 mwaka 2022, na baadhi ya wastaafu wakarudi kazini kwa sababu akiba waliyodhani inatosha haikutosha tena.

Ndipo simu zikaja huku: kazi iko

Upungufu huo ulikuwa na sababu nyingine. Wakati wazee wanatoka kwa mlango wa nyuma, mlango wa mbele ulikuwa karibu kufungwa kwa wageni. Katika mwaka wa bajeti wa 2021 Marekani ilipokea wakimbizi 11,411 tu, idadi ndogo kuliko zote tangu sheria yao ya wakimbizi ya mwaka 1980. Kisha mlango ukafunguliwa kwa nguvu: mwaka wa bajeti wa 2024 waliingia zaidi ya 100,000, na inchi iliyotoa wengi kuliko zote ilikuwa Congo yetu, karibu watu 20,000.

Ndugu zetu waliokwisha kufika walikuwa tayari wamelipa gharama ya kazi hizo. Katika mji wa Waterloo, jimbo la Iowa, mahali ambapo Wakongomani wengi wanaishi, zaidi ya wafanyakazi 1,000 wa kiwanda kimoja cha nyama waliambukizwa Corona katika majuma machache ya mwaka 2020. Tarehe 28 Aprili mwaka huo rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kutaka viwanda vya nyama visifungwe. Mmarekani mwenye akiba aliweza kusema "naacha". Mkimbizi wa Congo mwenye watoto watano na simu za huku hakuweza.

Lakini tusikatae upande wa pili. Miaka ya 2021 hadi 2023 ilikuwa miaka ya neema kwa wafanyakazi wa chini. Mtu wa miaka 58 mwenye Kiingereza kidogo, ambaye zamani angezungushwa kutoka ofisi hadi ofisi, aliajiriwa. Aliongezewa dola moja, kisha mbili, kwa kila saa. Akina mama zetu waliingia katika nyumba za wazee, kazi ambayo inamtaka mtu amwinue mgonjwa, amwogeshe, amgeuze kitandani. Ebu fikiri kidogo: mama wa Fizi mwenye miaka 61 anamwinua mzee wa miaka 80, katika nafasi iliyoachwa wazi na Mmarekani aliyestaafu akiwa na miaka 62.

Upungufu huo umepoa sasa. Kufikia mwaka 2025 nafasi zilizo wazi zilikuwa zimeshuka hadi milioni 7 na kidogo, karibu sawa na idadi ya wasio na kazi. Na mlango umefungwa tena. Tarehe 20 Januari 2025 mpango wa kuwapokea wakimbizi ulisimamishwa, na kwa mwaka wa bajeti wa 2026 kikomo kiliwekwa kuwa watu 7,500, wengi wao wakitazamiwa kuwa Waafrika Kusini weupe. Kijana wa Kyangwali aliyekuwa afike Kentucky ili ampokee mzigo baba yake mdogo hatafika karibuni. Yule aliye kule anabaki mtumaji peke yake, na anazeeka akiwa peke yake.

Hesabu ambayo hatuifanyi

Huku tunadhani kwamba mtu aliyefanya kazi Marekani ana pensheni, basi. Tuichunguze.

Mfuko wao wa uzee unaitwa Social Security. Kila mwezi mfanyakazi anakatwa asilimia 6.2 ya mshahara, na mwajiri analipa kiasi hichohicho. Mfanyakazi anahesabiwa alama, nne kwa mwaka na si zaidi, na anapaswa kufikisha alama 40. Hiyo ni miaka 10. Mtu aliyefanya kazi miaka tisa kwa jasho hana pensheni yake mwenyewe hata dola moja. Na kazi ya kulipwa mkononi bila karatasi, ambayo wengine huipenda kwa sababu haikatwi kitu, haiongezi alama hata moja.

Jambo la pili ni gumu zaidi. Pensheni inahesabiwa kwa miaka 35 ya mishahara mikubwa ya mtu. Aliyefanya kazi miaka 12 anaandikiwa miaka 23 ya sifuri. Miaka aliyolima Masisi, miaka aliyofundisha kambini kwa posho, yote ni sifuri mbele ya kanuni hiyo.

Tuchukue mzee wa mfano. Alizaliwa mwaka 1963, akafika Marekani mwaka 2018 akiwa na miaka 55, akaanza kazi mara moja. Anapata karibu dola 17 kwa saa, yaani kama dola 36,000 kwa mwaka kabla ya makato. Kwa kanuni ya waliofikisha miaka 62 mwaka 2025, mambo yake yatakuwa takriban hivi. Akiacha kazi mwaka 2027, akiwa na miaka 64 na miaka tisa ya kazi, hana kitu. Akiacha akiwa na miaka 65, na alama zake 40, atapata kama dola 668 kwa mwezi. Akivumilia hadi miaka 67, ambao ndio umri kamili kwa waliozaliwa mwaka 1960 na baadaye, atapata kama dola 925. Akifika miaka 70, kama dola 1,390. Kati ya miaka 65 na 70 pensheni yake inazidi kuwa mara mbili.

Ukimwonyesha mtu hesabu hiyo bila kueleza zaidi, atasema mzee afanye kazi hadi miaka 70. Lakini mgongo wake hausomi hesabu. Na kuna mfuko mwingine, SSI, wa kuwasaidia wazee maskini kuanzia miaka 65. Mwaka 2025 ulikuwa dola 967 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Mkimbizi anaweza kuupata kwa miaka 7 ya kwanza tangu afike. Mzee wetu wa mfano miaka yake 7 iliisha mwaka 2025, akiwa na miaka 62, kabla hajafikia umri wa kuomba. Baada ya hapo inambidi awe raia, au awe na kadi ya ukaazi pamoja na zile alama 40.

Basi miaka 10 ya kazi inafungua milango mitatu kwa pamoja: pensheni, bima ya hospitali ya wazee inayoitwa Medicare bila kulipia ile sehemu ya kulazwa, na SSI ya kujazia pengo. Ndiyo maana mtu mwenye miaka tisa ya kazi asishawishiwe kuacha kwa sababu yoyote isipokuwa ugonjwa. Mwaka ule wa kumi una thamani kuliko mingine yote.

Ukipita mwaka wa kumi, hesabu inageuka. Mzee asiye na mali, mwenye pensheni ya dola 668, SSI inaweza kumjazia afike karibu dola 987. Aliyevumilia hadi 67 akapata 925 atajaziwa kidogo tu, naye anafika palepale, dola 987. Kwa hiyo kwa mzee maskini kabisa, miaka miwili ya kubeba vipande vya nyama kati ya 65 na 67 inampa mshahara wa miaka hiyo miwili, lakini kwa kila mwezi wa uzee wake haiongezi kitu. Sisi tunaona kwamba mzee wa namna hiyo, aliyechoka mwili, anaweza kuacha kazi akiwa na miaka 65 bila kujiona amekosa akili. Anayebaki na nguvu na kufika 70, huyo anapata faida ya kweli.

Lakini SSI ina sharti: mtu asiwe na mali inayozidi dola 2,000, au dola 3,000 kwa mume na mke. Nyumba anayoishi na gari moja havihesabiwi. Nyumba ya Bukavu ambayo haishi ndani yake, iliyoandikwa kwa jina lake, ni mali, naye anapaswa kuitaja. Hapa ndipo mambo yetu ya huku yanapomgusa mwilini. Miaka mitano tumemwambia: baba, jenga, usife bila nyumba kwenu. Amejenga. Sasa nyumba hiyo, ambayo labda anakaa mpwa wake bila kulipa kodi, inaweza kumzuia kujaziwa zile dola 319 kwa mwezi. Sisemi asijenge. Ninasema ajue kabla ya kuweka jina lake kwenye karatasi, na asifiche, maana kuficha ni kosa mbele ya sheria, na mbele ya Mungu pia.

Rejista zetu za kanisa

Jambo moja katika haya liko mikononi mwa makanisa kabisa, nalo halina gharama.

Wakimbizi wengi wameandikwa kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari. Si kwamba Mungu aliwaumba wote mwaka mpya. Ni kwamba kambini mtu asiyejua siku yake aliandikiwa hiyo. Tarehe si tatizo kubwa, lakini mara nyingine hata mwaka si wa kweli, na mwaka ndio unaoamua kama mtu ana miaka 62 au 67. Kuna mzee ambaye karatasi zake zinamwambia ana miaka 60 wakati mdogo wake wa kuzaliwa ameshapita 63. Kubadilisha si rahisi, kwa sababu tarehe hiyo imekwisha kuandikwa katika karatasi zote za uhamiaji. Lakini ofisi ya Social Security, ikitafuta ushahidi wa umri, inathamini sana cheti cha kuzaliwa au andiko la kanisa lililoandikwa kabla mtoto hajafikisha miaka mitano.

Jumuiya zinazobatiza watoto wachanga zina rejista za namna hiyo, kama hazikuungua. Sisi tunaobatiza waamini wakubwa tuna mara nyingine daftari la watoto waliowekwa wakfu, lililosahauliwa ndani ya sanduku la katibu wa parokia pamoja na stakabadhi za zamani. Daftari hilo lisitupwe. Lipigwe picha ukurasa kwa ukurasa, hata kwa simu.

Vivyo hivyo kwa ndoa. Kule, mke au mume ambaye hakufanya kazi anaweza, akifikia umri kamili, kupata hadi nusu ya pensheni kamili ya mwenzake, kwa sharti ndoa ikubaliwe na sheria. Mama aliyelea watoto kumi kambini anaweza kuwa na haki hiyo bila kuijua. Cheti cha ndoa cha kanisa la kule Mboko au Lemera, au nakala yake iliyotiwa sahihi na mchungaji, inaweza kumsaidia aeleze kwamba ameolewa tangu zamani. Katibu anayepokea ombi kama hilo kwa WhatsApp asilikawize miezi mitatu, wala asidai "kalamu". Na asiandike uongo. Cheti cha kubuni kinamharibia mtu karatasi zake zote.

Uraia nao una umri wake. Mtu anaweza kuomba baada ya miaka 5, lakini anapimwa Kiingereza. Aliyetimiza miaka 55 na kukaa miaka 15 na kadi ya ukaazi anasamehewa lugha, anaulizwa mambo ya inchi kwa lugha yake, hata Kiswahili. Mzee wetu wa mfano atafika hapo akiwa na miaka 70. Kabla ya hapo inambidi asome Kiingereza baada ya zamu ya usiku, macho yakiwa mekundu. Watoto wake walioko kule wanaweza kumsaidia katika hilo kuliko katika jambo lingine lolote.

Tunachowaomba

Tunajua kwa nini tunawaegemea. INSS ya zamani iligeuzwa kuwa CNSS kwa sheria ya mwaka 2016, na watumishi wa Leta wana mfuko wao, CNSSAP. Lakini mkulima wa Lubero, mvuvi wa Kalemie na muuza samaki wa Kadutu hawamo. Walimu wetu wazee wanashika chaki wakiwa na miaka 70, kwa sababu wakitoka darasani hawajui watakula nini, na kijana aliyesoma ualimu anangoja nafasi hiyohiyo. Kule kazi zilikosa watu kwa sababu wazee walitoka. Huku vijana wanakosa kazi kwa sababu wazee hawawezi kutoka. Tangu benki zilipofungwa Goma mwezi wa kwanza na Bukavu mwezi wa pili mwaka 2025, hata aliyekuwa na kidogo alihangaika kukifikia, na feza ya ng'ambo inayopita kwenye simu ikawa ndiyo benki.

Kwa hiyo hatusemi wasitume. Tunasema tuache desturi ya kuwapangia. Katika makanisa mengi tunaandika orodha ya "wana wetu wa diaspora", kila jina na kiasi chake, dola 100, dola 300, kisha tunaituma kwenye kikundi cha WhatsApp mahali ambapo kila mtu anaona nani hajalipa. Orodha hiyo haisemi kama mtu ana miaka 30 au 66. Aibu ndiyo inayokusanya. Mzee anaongeza zamu ya Jumamosi ili asionekane amesahau kwao.

Katika Hesabu sura ya 8, Walawi waliwekewa kikomo cha miaka 50 kwa kazi nzito ya hema. Baada ya hapo walibaki kuwasaidia ndugu zao, bila kubebeshwa mizigo. Wanaokusanya michango wangeweza kuanza na hilo: majina ya waliofikisha miaka 60 yatolewe katika orodha, na wao wenyewe wakitaka kutoa watatoa. Vijana walioko kule waulizwe kwanza, tena waulizwe faraghani. Na familia ziseme mapema, si siku ya mwisho, ni karo gani itaisha lini, ili mzee ajue kwamba mwaka 2028, kwa mfano, mzigo huu unaanguka.

Kuna pia wale wanaosema: akistaafu atarudi nyumbani, atakula mihogo na samaki, dola 900 zitamtosha sana. Ni ndoto ya wengi wao pia, nayo inawezekana kwa sehemu. Aliyekuwa raia wa Marekani anaweza kupokea pensheni yake ya Social Security akiishi Congo. Asiye raia ana masharti magumu zaidi akikaa nje ya Marekani zaidi ya miezi sita, na inambidi aulize ofisi kabla ya kukata tiketi. SSI yenyewe haivuki bahari: anayekaa nje ya Marekani siku 30 anasimamishiwa. Na Medicare hailipi hospitali za huku, kwa hiyo mwenye kisukari au figo atanunua dawa kwa mfuko wake.

Halafu kuna hali ya inchi. Mzee wa Rutshuru au wa Minembwe atarudi kwenye kilima gani mwaka huu? Kwa sasa wanaoweza wanakuja kwa ziara fupi, majuma matatu, wanalia makaburini, wanagawa nguo, wanapanda ndege tena. Mwenye SSI anahesabu siku zake vizuri, na tunaomba asishikwe mkono na kubembelezwa abaki kwa ajili ya harusi ya juma la tano.